Baga Yenye Jani la Mnanaa

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali umeshika viatu mkononi kwa sababu haviingii tena, na kila anayepita unamkodolea macho asije akakukanyaga vidole, basi nasema na wewe. Wengine wasome wakitaka. Mimi si daktari. Habari za figo sizijui, isipokuwa kwamba Mungu alinipa mbili na mwaka ule zote zilinigomea. Nitakueleza yaliyonipata, maana mimi nilipokuwa kwenye benchi hilo hakuna aliyenieleza kitu. Kila mtu alinipa pole tu, na pole haipunguzi uvimbe.

Nyumba yetu iko upande wa juu wa Karatu, kule ukungu wa Ngorongoro unakoshuka asubuhi ukakaa shambani mpaka jua likolee. Mume wangu anaitwa Emanueli, ila mimi namwita Baba Safari, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa mpishi kwenye loji moja ya watalii ukingoni mwa kreta. Mwisho wa mwezi aliteremka nyumbani na lori lililokuja kuchukua mboga, akakaa siku chache, akapanda tena. Mimi nililima mahindi na maharage, nikalea watoto watatu. Hatukuwa na shida ya kusimulia.

Ugonjwa ulinianza mvua za vuli, baada ya kumwachisha ziwa yule mdogo. Asubuhi moja niliamka macho hayafunguki vizuri. Safari akaniambia, "Mama, umeumwa na nyuki?" Nikacheka. Wiki iliyofuata miguu ikajaa. Ukibonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki hapo hapo linakutazama. Pete ya ndoa ikazama kwenye nyama, kidole kikawa cheusi, ikabidi fundi baiskeli aikate kwa tupa. Mama yangu mzazi aliposikia pete imekatwa, alisema, "Hiyo si dalili njema, Martina." Mama yangu ndivyo alivyo. Hata kuku akipiga chafya yeye anaona msiba.

Hospitali ya misheni walinipima mkojo, wakanipa vidonge vya kutoa maji, na daktari akanipa sharti moja. Usile chumvi. Hata punje. Wala nyama ya mafuta. Akanitazama juu ya miwani akasema maji yale yakipanda kifuani hatakuwa na la kufanya. Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau: "Watoto wako wana shangazi?"

Nikamjibu wanaye.

Chakula kisicho na chumvi, ndugu yangu, usikie kwa jirani. Ugali ukawa udongo. Maharage yakanikwama kooni. Magadi ambayo kwetu hutiwa kwenye mboga na makande nilikuwa nimeyaacha tangu mimba ya mwisho, harufu yake ilinitapisha, kwa hiyo hata hiyo ladha kidogo sikuwa nayo. Nikakonda usoni huku miguu imenenepa. Baba Safari aliporudi mwisho wa mwezi akanikuta hivyo, alilia. Mwanamume mzima, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Kisha akasema, "Kama ni chakula, hiyo ni kazi yangu," akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu Wairaqw mwanamume hashiki mwiko mkewe akiwa yupo na mikono anayo. Akapike kazini, sawa, ile ni kazi na ina mshahara. Lakini nyumbani! Jirani yangu Mama Paulo alipita kuomba moto, akamwona amevaa aproni, akarudi kwake bila moto.

Alichonipikia kilikuwa baga. Watalii waliipenda, naye alikuwa hodari wa hiyo baga kuliko wapishi wote wa kule juu, kwa maneno yake mwenyewe. Alinunua nyama ya paja, akaitoa mafuta yote mpaka ikabaki nyekundu tupu, akaikatakata kwa visu viwili juu ya ubao mpaka ikawa laini. Akaweka kitunguu maji, kitunguu saumu, pilipili manga, giligilani iliyoota nyuma ya bafu, na rozimari ambayo alileta kijiti chake kutoka bustani ya loji akakipanda pembeni ya ghala. Alichoma kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta. Mkate aliuoka ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. "Ile ya watalii ni mafuta na chumvi tupu," alisema. "Hii yako ni dawa."

Watoto walipata za kwao zenye chumvi. Yangu aliipika mbali, peke yake, na ili zisichanganyike aliibandika jani moja la mnanaa juu. Na wakati wa kukanda nyama hakutaka mtu asimame karibu. Wapishi wa mahotelini wana hiyo tabia. "Jikoni kwangu hasimami mtu," alisema, nasi tukatii, tukakaa nje tunanusa.

Ilikuwa tamu, haki ya Mungu. Tamu kweli. Baada ya wiki nyingi za kula kama mfungwa, nilikula nikamaliza nikalamba vidole.

Alipoondoka, uvimbe wa miguu ulikuwa umeongezeka kidogo. Sikuwaza lolote.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa. Watalii wengi walikuwa wanatokea Nairobi, na ghafla hawakuja. Loji ikapunguza watu, Baba Safari akarudishwa nyumbani angojee kuitwa. Masika yote akawa nami. Barabara ikawa tope, hakuna aliyetoka, na kila siku, mchana na jioni, nilikula baga yenye jani la mnanaa.

Na kila siku nikawa navimba. Miguu kwanza, kisha mapaja, kisha tumbo likakaa kama la mimba ya miezi saba. Nilishindwa kulala chali, nikawa nalala nimekaa, nimeegemea gunia la mahindi. Kifua kilitoa sauti ya maji kwenye kibuyu. Daktari akaongeza vidonge, akaniuliza, "Chumvi unakula?" Nikasema sili. Nilipokwenda tena akauliza tena. Mara ya tatu aliweka kalamu chini akasema, "Mama, unanidanganya, na unajidanganya." Nilikasirika. Nilimwambia niapishwe kwa Biblia, kwa mbuzi, kwa chochote, sijalamba chumvi tangu vuli. Akaandika kitu, akasema hali ikiwa hivi hivi nitapelekwa hospitali kubwa ya Moshi, na kwamba wengi wanaopelekwa huko katika hali kama yangu wamechelewa.

Nyumbani Baba Safari aliposikia akaongeza juhudi. Baga ikawa kubwa zaidi. Giligilani ikawa nyingi zaidi.

Kipupwe kilipoingia, na baridi ile ya kwetu ya kuvaa mablanketi mchana, loji ikamwita kwa muda. Kulikuwa na kundi la wageni waliopitia Arusha. Akaenda. Mimi nikarudia ugali wangu na mchicha wa kuchemsha usio na kitu, na maziwa. Na uvimbe ukaanza kushuka, jamani. Nilikojoa mpaka nikachoka kwenda. Mifupa ya vifundo vya miguu nikaiona tena, nikaishika, nikamwita Safari aje aione. Nilitembea mpaka kisimani mwenyewe. Nikasema sasa nimepona, Mungu mkubwa.

Baba Safari akarudi amefurahi. Akapika. Kabla juma halijaisha viatu havikuingia.

Sikuwa nimemwambia mtu. Mama Paulo ndiye aliyesema, tena kwa upole, akinisaidia kupukuchua mahindi. "Mama Safari, mimi sina neno. Lakini umewahi kuangalia? Akiondoka unapata nafuu. Akirudi unavimba." Punje za mahindi zikanidondoka. Akaendelea, "Na huko loji wanasema kuna dada mmoja wa kufua mashuka. Mimi sina neno."

Mtu anaposema hana neno, ujue ameleta maneno ya kutosha.

Nilianza kumtazama mume wangu. Mikono yake ikikata giligilani. Mgongo wake alipojipinda tusione anachokanda. Jani lile la mnanaa, ambalo zamani niliona ni upendo, sasa niliona ni alama. Watoto wanakula ya kwao, wanakimbia na kupiga kelele. Yangu ina jani. Siku moja nilimega nusu nikamrushia mbwa, nikamtazama kutwa nzima. Mbwa hakufa. Alirudi akakaa mbele yangu akitingisha mkia anataka nyingine, mpumbavu yule. Nikajaribu kupata moyo, lakini moyo haukuja.

Nikamtumia mama salamu aje. Mama anakaa Baray, chini kule uelekeo wa ziwa Eyasi, na hata siku moja hajaja kwetu mikono mitupu. Kila akija analeta fuko la magadi ya huko ziwani, mengi ya kutosha nyumba na majirani. Alifika kiangazi kimekolea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba Safari alimpokea kwa heshima zote, kichwa ameinamisha kama mkwe anavyotakiwa, akabeba fuko mwenyewe mpaka stoo. Mama akamsindikiza kwa macho.

Tulipobaki wawili nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanamume anakupikia nini ambacho wewe huwezi kupika?"

"Anasema ni dawa, mama."

"Na unakula?"

"Mbwa alikula, hakufa."

"Sumu iliyotajiwa jina la mtu haimuui mbwa," akasema. "Tunakwenda hospitali. Na hicho chakula tunakwenda nacho, kipimwe."

Kesho yake asubuhi mama alichukua baga yangu kutoka sahanini, jani likiwa juu, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Mimi nilikuwa sipumui vizuri, hatua chache nasimama. Tulidhani tutakwenda wawili. Lakini Baba Safari alikuwa ameshazungumza na dereva wa trekta la shamba la ngano, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, akanipandisha kwenye tela, akapanda na yeye. Nikakaa katikati yao. Mume wangu alinishika bega nisirushwe na mabonde. Mama alishika fundo la khanga. Njia nzima niliomba Mungu baga ile isipimwe, na papo hapo naomba ipimwe.

Kwenye chumba cha daktari tuliingia sote. Daktari alinibonyeza mguu, akasikiliza kifua, uso wake ukabadilika. Akafungua mdomo kusema habari ya Moshi. Mama akamtangulia. Akafungua pindo, akaiweka baga juu ya meza, katikati ya karatasi zake.

"Daktari, pima hii," akasema. "Ndicho chakula cha mwanangu. Mkwe wangu ndiye anayepika."

Mimi nikafumba macho. Nikasikia kiti cha Baba Safari kikisogea. Nikangoja afoke, au atoke. Badala yake nikasikia sauti yake, ile ya furaha, ya kuzungumza na wageni. Nikafumbua macho. Alikuwa anatabasamu! Alidhani mama mkwe ameileta kumsifia.

"Hiyo ni baga, daktari," akasema. "Imepoa, lakini ijaribu. Masharti yako yote nimeyafuata. Nyama ya paja, mafuta nimetoa. Kitunguu maji, kitunguu saumu. Giligilani mbichi, rozimari, pilipili manga. Jani ni la kutofautisha tu na za watoto, maana za watoto zina chumvi."

"Na hii haina chumvi?"

"Hata punje! Kwa vile umekataza, nalaza nyama kwenye maji ya magadi ilainike, na wakati wa kukanda nazidisha magadi kidogo ya unga yachukue nafasi ya chumvi. Kwa haya majani huwezi kuyasikia mdomoni."

Daktari alivua miwani. "Kiasi gani?"

Baba Safari akakinga kiganja, akaonyesha kwa kidole mpaka yanapofika.

"Kila siku?"

"Kila siku niwapo nyumbani. Mchana na jioni."

Daktari aliisogeza baga pembeni ya karatasi zake. Kisha daktari akasema, taratibu, kama anayeongea na mtoto aliyeanguka, "Baba, magadi na chumvi ni tumbo moja, yote hushika maji mwilini. Ndugu mmoja ulimfukuza mlangoni, mwenziye ukamwingiza dirishani. Angekula mwezi mmoja zaidi, ungemzika."

Tabasamu la mume wangu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni halina kazi. "Lakini magadi si chumvi," akasema. "Watu wote wanajua. Hata mama mkwe, yeye ndiye anayeniletea kutoka Baray."

Mama alikuwa amesimama. Akakaa. Khanga ilikuwa bado imefunguka mapajani mwake, na akaanza kuikunja, akaikunja tena, hata pasipokunjika.

Walinilaza. Vidonge vile vile, kitanda, na uji usio na kitu. Maji yakaanza kutoka. Siku ya kwanza niliyolala chali, nikatazama dari la bati, nililia kwa utamu wa kulala chali. Muuguzi mmoja alikuwa akinisuka nywele mchana wagonjwa wakipungua, bila kuombwa, nami mpaka leo namwombea kwa hilo kuliko sindano zote. Vuli iliponyesha nilikuwa nyumbani nafunga viatu mwenyewe. Figo moja haikurudi sawasawa, na chumvi sitaila tena. Lakini watoto wangu hawakulelewa na shangazi.

Ila siku ile ile, kabla sijapelekwa wodini, tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na Baba Safari. Mama alikwenda kusimama mbali, karibu na bomba la maji, ametupa mgongo. Baba Safari alikuwa anatazama mikono yake. Mtu si mjinga milele.

"Mama Safari," akasema, "ile baga hamkuileta kunisifia."

"Hapana."

"Mlidhani nakutilia sumu."

Ningeweza kumsingizia mama. Alikuwa pale, angekubali. Nikasema, "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kipupwe."

Akahesabu moyoni, nilimwona akihesabu. Kisha akanigeukia, na macho yale sitaki kuyaona tena duniani. "Lakini tangu kipupwe umekuwa ukila. Nilikaa mbele yako, ukala, ukamaliza, ukaniambia asante."

"Nilikula."

"Ukijua ni sumu?"

"Nikidhani."

"Sasa kwa nini, Martina?" Hakuwa ameniita jina langu tangu Safari azaliwe.

Nikamwambia ukweli, na wewe wa benchini ndio niliotaka uusikie, mengine yote ni maelezo. Nikamwambia, "Kukuuliza kuliniogopesha kuliko kufa. Nikikuuliza na ukawa unaniua, nimekwisha. Nikikuuliza na ukawa huniui, nimekwisha pia, maana mwanamume gani atakaa na mke aliyemwuliza hivyo? Kula kulikuwa rahisi. Nilifungua mdomo tu."

Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu. Baba Safari akaniinua yeye mwenyewe, akaniweka, akanifunika miguu. Ndipo akasema, "Kuanzia leo uniulize. Kila chakula. Hata pakiwa na wageni."

Basi nauliza. Miaka imepita, mpaka umefunguliwa, watalii wamerudi, yeye amestaafu na anapika kila siku, Mama Paulo amezoea. Sahani ikifika mbele yangu nasema, "Baba Safari, umetia nini?" Naye anasimama na kitambaa begani, anataja kimoja kimoja, kitunguu, saumu, giligilani, mpaka mwisho, na anamalizia, "Basi, hakuna kingine." Hajawahi kukasirika, hata siku moja. Na mimi nampenda mume huyu kwa moyo wangu wote, Mungu ni shahidi, lakini mkono wangu haugusi sahani mpaka aseme hakuna kingine.